Wa Ndani Hapigi Hodi

Fundi Kiluwa alitaka elfu thelathini,
"ya kuiwasha tu, dada, na kukuwekea nywila."
Nikamwambia: mimi nakata suti bila karatasi,
kisanduku cha taa tano kitanishindaje?
Akacheka, akaondoka na ngazi yake.

Usiku, cherehani imefunikwa,
nikachomeka waya wa manjano kwenye rauta,
ncha ya pili kwenye kompyuta ya kuazima,
nikaandika anwani kama aandikaye bahasha:
mia moja tisini na mbili, nukta,
mia moja sitini na nane, nukta sifuri, nukta moja.
Huku Ngamiani barabara zetu nazo ni namba,
sikuona ajabu.
Mlango ukaniuliza jina.

Jina: admin. Nywila: admin.
Ndivyo kilivyotoka kiwandani,
komeo la uzi, na uzi wenyewe ni ule ule
kwa kila nyumba iliyonunua.

Nikaanza kufumua.
Kwanza huo ufunguo wa mwenye nyumba.
Wengi hubadili nywila ya waifai
wakauacha huo juu ya kizingiti.
Kitufe cha kuunganisha haraka, nikakizima;
kinachofunguka haraka ni mshono mbovu.
Usimamizi wa mbali, zima.
Usimbaji, nikachagua wa juu kabisa uliokuwepo.
Programu ya ndani ikaomba kusasishwa,
ikachukua dakika kumi na moja, taa zote zikazimika,
nami nimeshika kichwa: nimeiua.

Haikufa. Ilikuwa inabadili nguo.

Likabaki la nywila.
Mama, Bi Mwajabu, hataki namba.
"Niwekee kitu ninachokijua."
Akafungua sanduku, akapekua, akanusa,
akatoa kanga ya zambarau, ya korosho,
akaninyooshea maandishi kwa kidole:
WA NDANI HAPIGI HODI.
Herufi kumi na saba.
Refu, na hatalisahau.
Nikamsifu. Nikalala.

Wiki ya pili picha za wateja zikagoma kufunguka.
Mtu ananitumia gauni, linakuja bega tu.
Jumapili nikarudi kwenye ile anwani,
nikaomba orodha ya waliomo ndani:
simu kumi na tisa.
Humu tuko watatu, na mmoja ananyonya.

Nikatoka uani.
Juu ya kamba, imeanikwa, inapepea,
kwa herufi nyeusi zinazosomeka toka msikitini,
nywila yangu.
Na Jumamosi ilikuwa harusini, Chumbageni,
imecheza, imepigwa picha.

Aliyebahatisha ni mmoja, Mhando, kijana wa kinyozi,
hujaribu chochote chenye herufi zaidi ya nane,
hata bango la duka la dawa.
Wengine waliambiwa.
Nilipomkabili hakuruka:
"Lakini dada, imeandikwa hapigi hodi.
Nami sikupiga."

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Sasa milango ni miwili.
Wa wageni unaitwa WAJA LEO WAONDOKA LEO,
kasi ya kujikongoja, saa nne usiku unafungwa,
nywila yake nimeiandika kwa chaki
chini ya bei ya kupunguza suruali.
Mhando na wenzake wanakaa pale barazani,
siku hizi hata vifungo wananiokotea.

Wa ndani, nilimwomba Mama neno
ambalo halijawahi kuvaliwa na kitambaa.
Akanyamaza. Kisha akanivuta sikio
akanipa jina aliloitwa na bibi yake,
kabla ya chuoni, kabla ya mwalimu
kumwandika Mwajabu daftarini.
Miaka arobaini na moja niko naye,
sijapata kulisikia.
Na hapa silitaji.

Nikalichapa mara mbili, kama inavyotakiwa.
Mama akainamia kioo, miwani puani:
"Mbona yaandika dengu?"